Safu Zinyooke, Toni Zibaki

Orodha yangu ya maneno ina safu tatu: Kihunde cha Masisi, Kinyanga cha Walikale na Kiswahili. Nilipoipanga kwa amri ya printf katika bash, kila neno lenye alama ya toni liliivuta safu inayofuata kushoto. Amri hiyo huhesabu baiti, na katika UTF-8 herufi á ni baiti mbili.

Mwenzangu alishauri nifute alama. Nilikataa: katika lugha hizi toni hutofautisha maana, na wazee walionitamkia maneno wametawanywa na vita. Nikizifuta, nimuulize nani tena?

Nilitenganisha safu kwa tabo, nikatumia column -t -s $'\t', inayopima upana unaoonekana. Safu zikanyooka, toni zote zikiwa mahali pake.