Fundi Mlimtukana Bure, Aliyegeuza Mipira ya Tabo Ni Mimi

Jina langu naomba libaki kwangu, na wahusika wengine sitawataja, maana mmoja mnamjua na mwingine mko naye kwenye magrupu ya magari. Hii stori imenikaa kooni miezi nane. Leo naitema.

Mshkaji wangu, tumekua mtaa mmoja, ana Forester ya tabo. Anaipenda ile gari, yani ukibamiza mlango tu mnanuniana wiki. Mwaka jana akaamua kubadilisha intakula. Wenye Forester wanaelewa: ya kiwandani inakaa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Hewa inatoka kwenye tabo ikiwa ya moto, inapita pale ipoe, ndipo inaingia kwenye injini. Sasa kaa foleni ya Mwenge nusu saa uone, joto la injini linapanda na intakula yenyewe inaiva. Jamaa akanunua kubwa ya kukaa mbele, nyuma ya bampa, kwa fundi mmoja maarufu sana mitandaoni. Akauziwa na kontrola ya presha ya tabo, ile ya mkono, yenye gololi na springi ndani.

Fundi akasema, "Leteni nifunge mwenyewe, halafu tuipime kabla hamjaikanyaga." Ila tungesubiri wiki mbili. Mimi na kiherehere changu nikasema wiki mbili za nini? Mabomba na klipu tu hizo! Nilishaangalia video kama tano.

Jumamosi tukaingia kazini. Intakula ilikaa vizuri, kiukweli. Kazi ikabaki kwenye kontrola.

Ngoja niwaeleze kwa kifupi. Tabo haijui kujizuia. Kuna kimlango kinaitwa westigeti, kikifunguka moshi wa ekzosi unapita pembeni badala ya kuendelea kuizungusha tabo. Kinachokifungua ni hewa ya tabo yenyewe, inayopita kwenye kampira kembamba. Kontrola unaiweka katikati ya huo mpira: upande mmoja unatoka kwenye tabo, mwingine unaenda westigeti. Hewa inasukuma gololi, springi inaibana. Ukikaza skrubu, springi inabana zaidi, tabo inajaza presha kubwa zaidi kabla kimlango hakijafunguka.

Ukigeuza mipira, hewa inaikandamiza gololi kwenye kiti chake, haipiti. Westigeti haipati taarifa yoyote. Tabo inapuliza tu.

Kontrola ile ilikuwa na kitundu kama cha sindano upande wa kwenda westigeti. Hiyo ndiyo alama. Nilikiona kwa macho yangu, nikadhani ni kasoro ya kiwandani.

Mshkaji akaniuliza, "Kaka, una uhakika?" Nikamjibu, "Mia kwa mia."

Saa nne usiku tukatoka kutesti, barabara ya Bagamoyo, tumeshaipita Tegeta. Tulitaka presha isifike bar 1. Akakanyaga. Mshale wa geji ukapita 1, ukapita 1.3, mimi nacheka, naona gari imenoga! Ulipofika 1.5 nikasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, kisha gari ikapoteza nguvu, moshi wa bluu umejaa nyuma. Kwa kawaida gari kama hii inakata mafuta presha ikizidi, lakini mwenyewe wa zamani alishachezea kontrol boksi, kinga hiyo ikaondolewa. Hatukujua.

Sasa sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Jamaa alienda pembeni kupiga simu ya gari la kuvuta. Mimi nikafungua boneti, nikamulika na simu, nikafuata mpira kwa kidole kutoka kwenye tabo. Nikaelewa palepale. Nikachomoa mipira yote miwili, inaunguza vidole, nikaigeuza ikakaa sahihi. Nikafunga boneti, nikakaa kwenye ukingo wa barabara kama mtu msafi.

Injini ilipopimwa, silinda ya nne ilikuwa imekufa, pistoni imevunjika kwenye mifereji ya ringi. Mshkaji akaingia mtandaoni kwa hasira, akaandika kwamba ameuziwa kontrola feki. Mnakumbuka ile ishu. Wengi wenu mlikomenti. Fundi aliuliza swali moja tu: "Mipira ilifungwaje?" Mshkaji akaweka picha. Kwenye picha mipira iko sawa kabisa, kwa sababu niliigeuza mimi. Fundi akaishiwa maneno. Akaitwa tapeli, mwizi, kila jina. Na bado akarudisha hela ya kontrola, laki na nusu, bila kubishana.

Injini nyingine iliondoka na milioni nne na nusu. Hizo zilikuwa hela za mahari. Ndoa ya Desemba ikasogezwa, mpaka leo haina tarehe. Shemeji akiniona bado ananiita kaka, ananipakulia chakula. Kinapita kwa shida.

Wiki iliyopita jamaa akanipigia. Amenunua kontrola mpya, duka lingine. Akasema, "Njoo tufunge wote, fundi wa mtandaoni simtaki tena, nakuamini wewe."

Usingizi ukaisha hapo.

Kwa wenye gari za tabo: fuata mpira kwa kidole kutoka kwenye tabo mpaka westigeti, usikariri video. Safari ya kwanza, skrubu iwe imelegezwa kabisa, kanyaga kidogo kidogo, macho kwenye geji, mshale ukizidi achia mafuta hapohapo. Na ukibadilisha intakula, gari ipimwe upya kabla ya mbwembwe. Fundi aliyasema yote haya, kwa ufupi kuliko mimi.

Jumamosi naenda kwa mshkaji, na kabla sijashika spana nitamwambia. Nimeandika hapa kwanza kwa makusudi, maana anasoma ukurasa huu na akifika aya ya pili atajijua. Sina pa kurudi tena. Kwa fundi nitaenda mwenyewe, kwa miguu yangu, na laki na nusu yake mkononi.

Nitukaneni mimi sasa. Ila niambieni pia, yule fundi mtamwomba msamaha lini?