Damu Ilipopotea Njia

Kaka yangu alikuwa konda wa daladala, ruti ya Mwenge–Posta. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye mkono uleule uliong'ang'ania bomba la mlangoni. Siku moja bomba likamponyoka. Madaktari walisema damu imevujia ndani ya kichwa. Alilazwa wiki tatu, akatoka, tukachinja kuku. Tukadhani yamekwisha.

Baada ya miezi saba alianguka tena, safari hii stendi, mbele za watu. Macho juu, mwili unatupwa huku na huku, povu mdomoni. Watu wakarudi nyuma: "Msimguse, povu linaambukiza!" Na mimi nilikuwemo katika waliorudi nyuma. Nilikuwa na washikaji zangu wa shule. Mmoja akaniuliza, "Si bro wako yule?" Nikajibu, "Amefanana naye tu."

Naandika haya yote kwa sababu ya jibu hilo.

Nyumbani mama akasema ni mapepo. Shangazi akasema katupiwa na konda mwenzake aliyeitaka gari. Mimi nikanyamaza. Ilipita miaka ndipo nikaanza kuchimba vitabu, wala si kwa kuipenda sayansi. Nilitafuta mahali pa kuiweka aibu yangu.

Nikakuta hivi. Sisi watu wa Dar tunauita mji wetu Bongo, maana bila akili huishi. Lakini ndani ya bongo lenyewe, seli za neva zinazosifiwa kila siku haziko peke yake. Zipo seli nyingine zenye umbo la nyota, astrosaiti, ambazo wataalamu wa zamani waliziona kuwa gundi tu. Kumbe ndizo zinazozilisha zile za neva na kuzifagilia takataka. Hazipigi kelele za umeme. Zikitaka kusema, kalsiamu hupanda ndani yake, ikashuka, ikapanda tena, na wimbi likahamia kwa jirani.

Damu nayo ina njia yake. Imejaa albumini, protini inayotengenezwa na ini; katika lita moja ya majimaji ya damu huwamo kiasi cha gramu 40. Kuta za mishipa ya ubongo huizuia isiingie ovyo. Mshipa ukipasuka, inamwagika mahali isipotakiwa.

Mwaka 1995 Angel Nadal na wenzake waliimwaga albumini juu ya astrosaiti za panya zilizooteshwa maabara. Kalsiamu ikaruka ndani ya seli, ikawa inapanda na kushuka, na seli zikaanza kunakili DNA yake kana kwamba zinajiandaa kugawanyika. Walipoyaondoa mafuta yaliyoshikamana na ile albumini, seli zikatulia. Yaani aliyeleta vurugu si gari, ni abiria wake.

Mwaka 2007 kundi jingine lilionyesha, kwa panya vilevile, kwamba astrosaiti zikishameza albumini huzembea kazi yake ya kuondoa potasiamu, na seli za neva zikapagawa. Mapepo ya mama, nikajisemea, kumbe yana kemia yake.

Panya si kaka yangu, na hakuna aliyechungulia kichwani mwake akaiona hiyo albumini. Lakini kifafa cha baada ya kuumia kichwa kinajulikana. Chaweza kuchelewa miezi, hata miaka. Na povu halimwambukizi mtu. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Juzi nilimweleza haya gengeni kwake, anapouza nyanya. Siku hizi anameza vidonge, hajaanguka muda mrefu. Alinisikiliza huku akipanga mafungu.

"Kwa hiyo hizo nyota ni makonda?"

"Kama makonda, kaka."

"Na hakuna anayejua majina yake." Akacheka peke yake. Kisha, bila kuinua macho, akasema: "Dogo, siku ile stendi nilikuona. Kabla giza halijanijia. Nilikuwa nakuja kukupa hela ya ada."

Sikupata neno. Nikachuchumaa, nikaanza kupanga nyanya pamoja naye, nne kila fungu.