Pingili Mbili

Saa ya baba haina betri. Ni Seiko 5, zile za chuma zilizojaa mikononi mwa wazee wetu, na chakula chake ni mwendo wa mkono. Ndani yake kuna kipande kizito kinachozunguka kila mvaaji anapotikisa mkono, na mzunguko huo ndio unaokaza springi. Ukiivua ukaiweka mezani, siku ya pili haiishi, imeshasimama. Kwa hiyo mkanda wa saa ya namna hii si urembo. Ukikatika, saa inakufa njaa.

Saa hizi zilianza kuuzwa mwaka 1963, na ile 5 kwenye jina ni ahadi tano: kujikaza yenyewe, siku na tarehe katika dirisha moja, kuhimili maji, kitufe cha kurekebishia majira kilichojificha kwenye namba 4 (yaani kwetu saa kumi), na mwisho kasha na mkanda imara. Ya baba imezitimiza zote. Aliinunua mwaka mmoja aliouza korosho vizuri, akaivaa shambani, msikitini na misibani, miaka isiyopungua ishirini. Kilichochoka ni pini moja, nyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Huku Lionja vumbi likikutana na jasho linakuwa msasa: linaingia katikati ya pingili na kuila pini kidogo kidogo, mpaka siku mkanda unapoachia.

Kumfuata fundi saa ni safari ya kwenda Nachingwea mjini, na baba tangu augue hataki saa yake iende mahali asipoiona. Basi tukaitengenezea nyumbani.

Vifaa havikuwa vya ajabu: plaizi, tupa, nyundo ndogo, mswaki wa zamani, na kipande cha mbao nilichokitoboa tundu. Kwanza unautenganisha mkanda na saa, unauloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, unasugua. Maji yalitoka mekundu, utadhani nimefua nguo za shamba. Halafu unageuza mkanda. Kwa ndani, baadhi ya pingili zina mishale midogo. Pini inasukumwa kutoka kwa kufuata mshale, na inarudishwa kwa upande wa pili. Ukilazimisha kinyume unapanua tundu, na pini haitakaa tena.

Pini mpya ndiyo ilikuwa kazi. Waya wa shaba ni laini, unapinda. Spoki ya baiskeli ni nene mno. Nilichokata mwishowe ni pini ya nguo, ile ya kufungia nepi, chuma chake kigumu. Nikaisawazisha ncha kwa tupa, nikaigonga taratibu. Ikakaa.

Tukamvalisha. Saa ikateleza mpaka karibu na kiwiko.

Kifungio kina matundu madogo ya kukaza na kulegeza. Nilisogeza hadi la mwisho, bado ikacheza. Mkono wenyewe ndio uliopungua. Dawa yake ni kutoa pingili, moja kila upande, ili kifungio kibaki katikati ya kifundo cha mkono. Kwa fundi ni dakika tano. Kwa baba ikawa kesi.

“Usiikate. Mimi nitanenepa.”

“Baba, haikatwi. Pingili zinatoka tu, siku yoyote zinarudi.”

“Mwanangu, na reli nayo ilirudi?”

Alikuwa ananiambia habari ya reli ya Nachingwea. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mpango wao wa karanga, ulioanza 1947 ukafa 1951, na miaka ya 1960 reli yenyewe ikang'olewa. Wazee wameiona treni; sisi tunaonyeshwa tu ilikopita. Sikuwa na jibu. Aliyemaliza kesi ni mama, kutoka jikoni:

“Mzee, unataka saa ya kuvaa au ya kufungia kabatini?”

Baba akanyoosha mkono bila kunitazama. Nilitoa pingili mbili. Safari hii saa ilikaa pale pale, na mshale wa sekunde ukaanza kutembea.

Siku hizi kila asubuhi anazunguka uani akitikisa mkono wa kushoto, ati anailisha saa. Zahanati walishamwambia afanye mazoezi, hakuwasikiliza. Mama anatazama, hasemi kitu, asije akaharibu.

Zile pingili mbili alizifunga mwenyewe kwenye nailoni, akaziweka ndani ya bati la stakabadhi za korosho. “Msimu ukianza,” alisema, “utanirudishia.”

Oktoba si mbali. Pini za kuzirudishia nimeshazikata.