Karatasi ya Mikopo

Nyumbani kwetu kompyuta ikiganda hupigwa. Hapigi mtu kwa hasira. Hupigwa kama zilivyokuwa zikipigwa redio za zamani, kofi moja la ubavuni, kisha watu wanangoja. Ubaya wa tiba hii ni kwamba mara nyingi inaonekana kufanya kazi. Mshale unaanza tena kutembea, herufi ulizoandika dakika mbili nyuma zinamwagika zote kwa mpigo, na aliyepiga anaondoka na heshima ya ufundi.

Kofi halijafanya lolote. Kompyuta ilikuwa inangoja kitu, na imechoka kungoja. Oktoba mwaka jana, kuganda kulipoanza kuja mara tano au sita kwa jioni moja, ilinibidi nijue inangoja nini, kwa sababu ndani yake kulikuwa na hesabu za watu 28.

Mama ni mweka hazina wa kikoba cha mtaa wetu, huku Mbagala. Wanawake 28, hisa moja shilingi 5,000, kila Jumamosi mtu ananunua hisa moja hadi tano. Kila mmoja ana kitabu chake kinachogongwa mhuri kwa kila hisa. Sanduku la chuma lina kufuli tatu na funguo ziko kwa wanawake watatu tofauti, wala Mama si mmoja wao. Anayekopa hurudisha ndani ya miezi mitatu na ziada kidogo, na Desemba kikoba kinavunjwa, kila mtu anapewa chake. Ni kwa mgao huo watu hulipa ada za Januari na kumalizia paa. Hesabu zote Mama aliziingiza kwenye Excel, karatasi tatu ndani ya faili moja: hisa, mikopo, na jumla za kila kikao. Nakala ya mwisho kwenye flashi ilikuwa ya mwezi Machi. Mikopo ya Machi ilikuwa imelipwa yote siku nyingi.

Alichokiogopa Mama hakikuwa kupotea kwa hesabu peke yake. Alikiogopa kisingizio. Katika nchi hii sote tumesimama mbele ya dirisha fulani tukaambiwa mfumo uko chini, rudi kesho, na sote tumejifunza kusikia kitu kingine ndani ya maneno hayo. Mweka hazina anayesema wiki tatu kabla ya mgao kwamba kompyuta imekufa ameshajieleza. Hakuna atakayemjibu. Watatazamana tu.

Fundi alikuja, kijana mpole mwenye begi la bisibisi. Aliisikiliza ile kompyuta inavyounguruma, akasema, “Mama, hapa tunafomati, tunaweka Windows mpya, inakuwa kama imetoka dukani.”

“Na vitabu vyangu?” Mama akamuuliza.

Kijana akanitazama mimi.

Mimi sikusomea kompyuta. Nilisomea jiografia, lakini katika ukoo wetu anayejua kubadilisha wino wa printa ndiye injinia. Nikamwomba fundi atuachie siku chache, akakubali bila kinyongo, akakataa hata nauli.

Kompyuta inaweza kuganda kwa sababu nyingi: vumbi na joto, kumbukumbu mbovu, virusi, hata waya uliolegea. Pa kuanzia ni pale inapojiandikia yenyewe. Windows ina daftari la matukio ambalo karibu hakuna anayelifungua, na la kwetu lilikuwa limejaa onyo moja lililorudiwa usiku hadi usiku: diski ina sehemu mbovu. Diski nayo hujihesabia maradhi yake kwa utaratibu uitwao SMART, ambao programu ya bure inaweza kuusoma. Namba ya 199 huhesabu makosa yanayotokea njiani, kati ya diski na kompyuta. Ikipanda, shuku waya kwanza. Yetu ilikuwa sifuri. Nikabadilisha waya hata hivyo, maana ni bei rahisi na hauumizi. Namba ya 5, sekta ambazo diski imeshazitelekeza na kuhamia za akiba, ilikuwa 212. Namba ya 197, sekta zilizoshindwa kusomeka na zinazosubiri uamuzi, ilikuwa 88. Kesho yake ikawa 104.

Iliyonishtua zaidi ni namba ya 9, saa ambazo diski imekuwa ikizunguka: 38,214. Gawanya kwa 24, unapata siku 1,592, zaidi ya miaka minne bila kupumzika. Sisi tulikuwa nayo miaka mitatu na tunaiwasha jioni tu. Kompyuta yenyewe tuliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, ina alama za gundi pale palipobanduliwa kibandiko cha ofisi fulani. Sehemu kubwa ya uzee wake iliupata kwa watu wengine, ikifanya kazi usiku kucha pengine bila mtu mbele yake.

Ndani ya diski ya namna hiyo kuna sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa kimo cha nanomita chache. Unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kichwa kikifika kwenye sekta isiyosomeka, hakiendelei na safari. Kinarudi, kinasoma tena, kinajisogeza kidogo, kinasoma tena. Windows imesimama mlangoni inangoja jibu, na wewe umesimama nyuma ya Windows, mkono tayari kwa kofi. Diski zinazotengenezwa kwa ajili ya seva huwekewa ukomo, mara nyingi sekunde 7: ukishindwa, sema umeshindwa, kwa maana kando yako kuna diski nyingine zenye data ileile. Ya nyumbani haina mwenzake. Huachwa ihangaike hadi mwisho, sekunde kwa sekunde, kwa sababu isipoisoma yenyewe hakuna mwingine.

Basi kule kuganda ndiko kulikuwa kazi yenyewe. Na kila tulipoiwasha, tukafungua muziki, tukaacha Windows ijisasishe, tulikuwa tunaitumia ile nguvu iliyobaki kwa mambo ya kipuuzi.

Hapa ndipo nilipotofautiana na ushauri nilioupata kila upande. Shemeji alisema niendeshe chkdsk, ile ya kukagua diski nzima. Ni programu nzuri kwa diski nzima yenye mafaili yaliyovurugika, kwa mfano baada ya umeme kukatika. Kwa diski inayokufa ni kumwamsha mgonjwa apande ngazi: itapita sekta zote, mbovu kwa nzima, na inachokirekebisha ni mpangilio wa mafaili, hata kama kurekebisha ni kukata kipande cha faili. Kufomati kwa fundi nako kungeonekana kumeponya. Ukifomati kikamilifu, Windows inaandika sifuri kila mahali, na diski ikiandikiwa juu ya sekta mbovu huihamishia kwenye akiba. Namba ya 197 inashuka, mteja anafurahi, miezi mitatu baadaye anarudi. Lakini kilichokuwa kimeandikwa pale hakipo tena. Jirani naye alinishauri niilaze diski kwenye friza usiku mmoja. Ushauri huo ni mkongwe, na sijui waliouanzisha waliishi wapi, ila Dar es Salaam kitu kikitoka kwenye friza hutoa jasho kama chupa ya soda. Nanomita chache, halafu tone la maji.

Kilichofaa ni kunakili, kabla ya kurekebisha chochote. Niliweka Ubuntu kwenye flashi ili kompyuta iwake bila kuigusa Windows, nikaazima diski ya nje ya TB 1 kwa binamu yangu anayepiga picha za harusi, nikaendesha programu iitwayo ddrescue. Uzuri wake ni adabu yake. Mara ya kwanza inapita ikichukua kilicho chepesi, ikikutana na pagumu inaruka na kuweka alama. Ikishachukua vyote vyepesi ndipo inarudi kwenye pagumu, kidogokidogo, kutoka kingo kwenda ndani. Kila ilichopata na ilichokosa inakiandika kwenye faili dogo la ramani. Ramani hiyo niliihifadhi kwenye diski ya nje. Nilimwelekezea mgonjwa feni ya mezani, nikaenda kulala kwenye kochi.

Saa nane usiku umeme ulikatika. Ulirudi alfajiri, nikawasha tena, programu ikasoma ramani yake na kuendelea palepale, asilimia 71, kama mtu aliyeinamisha kitabu kifuani akasinzia.

Usiku wa tatu nilisimamisha. Katika GB 500, sekta 61 zilikuwa zimekataa kabisa. Kila moja baiti 512: jumla baiti 31,232. Ni padogo kuliko picha moja ya simu. Lakini inategemea ni padogo pa wapi. Ipo njia ya kujua: unaijaza nakala, mahali pa yale mashimo tu, neno moja la ajabu ambalo haliwezi kuwa kwingine, kisha unalitafuta ndani ya mafaili yote. Neno langu lilijitokeza kwenye faili la Windows lisilo na maana, kwenye video ya sherehe ya kipaimara, kwenye picha mbili. Na kwenye faili la kikoba.

Faili la Excel la siku hizi ni furushi lililobanwa, kila karatasi ni kifungu chake ndani. Excel ilikataa kulifungua. Nikalifungua kama furushi, nikatoa vifungu kimoja kimoja. Hisa: nzima. Jumla za vikao: nzima. Mikopo ilikuwa imekatika safu chache baada ya vichwa vya habari, na baada ya hapo hapakuwa na majina.

Nilimwambia Mama jikoni. Alizima jiko kwanza. Kisha akauliza swali la mhasibu: “Jumla za vikao zipo zote?” Zilikuwepo. Zilionyesha kila Jumamosi kimetoka kiasi gani na kimerudi kiasi gani, bila kusema kwa nani. Akakaa na kikokotoo hadi usiku. Nje kulikuwa na shilingi 4,350,000.

Jumamosi iliyofuata hakuzunguka. Aliwaambia wanachama kwamba diski imekufa, mwanawe ameokoa karatasi mbili, ya mikopo haikupona, na kwamba anajua kiasi kilichoko nje ila si kwa nani. Kiasi chenyewe hakukitaja. Alikiandika kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, akampa mwenyekiti akishike. Nilikuwa nimekaa mlangoni na nilisikia kile kimya alichokuwa akikiogopa tangu Oktoba.

Aliyekivunja ni mama muuza vitumbua. “Mimi laki tatu na nusu,” akasema. “Tarehe ninayo kwenye simu.” Akasoma meseji ya kupokea pesa. Wa pili akafuata, wa tatu. Mmoja alibishana na nafsi yake kama ni laki nne au laki nne na ishirini, jirani yake akamkumbusha ile ishirini alivyoilipa, na kwa noti zipi. Waliojitaja walikuwa kumi. Katibu akajumlisha mara mbili: 4,150,000. Mwenyekiti akakunjua karatasi, akaisoma, akaikunja tena.

Laki mbili. Hakuna aliyemwangalia mwenzake; kila mtu alikuwa anaangalia kitabu chake cha hisa kama kina jambo jipya.

Bibi mmoja wa nyuma akasema hatujatimia, kuna mtu yuko Morogoro kwa binti yake aliyejifungua. Mwenyekiti akapiga simu, akaweka spika. Hakumweleza kilichotokea. Alimsalimu, akauliza hali ya mzazi na ya mtoto, akamwambia wako kikaoni wanapitia mikopo.

“Haya,” sauti ikasema, mtoto akilia kwa mbali. “Mimi nimebakiza laki mbili, nitatuma kabla ya tarehe 20. Msinipige faini, jamani.”

Diski mpya ni ya SSD, GB 240. Haina sahani wala kichwa, na watu wa kofi wamekosa kazi. Naiamini kiasi: za aina hii zinaweza kufa ghafla bila kuguna. Kila Jumamosi jioni natumwa na flashi duka la steshenari, kurasa tatu, kila ukurasa nakala tatu, shilingi 200 kila moja. Nakala moja inakwenda kwa mwenyekiti, moja kwa katibu, na moja inalala kwenye sanduku lenye kufuli tatu, juu ya pesa.