Nauli ya Farasi

Siku ya pili Beijing tulipewa bahasha. Ndani mlikuwa na posho ya wiki mbili, noti zenye sura ya Mao, zinanukia upya. Nilisaini bila hata kuhesabu.

Tulikuwa waandishi kutoka nchi kadhaa za Afrika, wageni wa serikali ya China. Tiketi wao, hoteli wao, chakula wao. Mhadhiri wetu hakuzunguka: kazi ya mwandishi ni kujenga. Alitukumbusha kwamba Februari 2016 Rais Xi Jinping alitembelea Renmin Ribao, Xinhua na CCTV, akasema vyombo vya Chama lazima vibebe jina la ukoo la Chama. Mwenzangu wa Nairobi aliguna. Mimi nilikumbuka kwamba mwaka huohuo kwetu ilipita Sheria ya Huduma za Habari, nikatazama daftari langu.

Jioni nilimuuliza mkalimani wetu, kijana aliyesomea Kiswahili hukohuko Beijing na kukizungumza kwa usafi unaotia aibu, kama waandishi wao nao hupewa chochote kwenye mikutano.

“Wapo wanaopewa, dada. Tunaiita chemafei. Pesa ya gari na farasi.”

Nilicheka hadi watu wakageuka. Dar es Salaam tunaiita nauli! Nimewahi kupokea nauli ya mkutano uliofanyika jengo la pili kutoka ofisini kwetu. Nilikuwa nimesafiri nikitarajia kukuta watu tofauti na mimi.

Kiwandani, siku iliyofuata, nilimuuliza mfanyakazi analipwa kiasi gani. Mwenyeji wetu alitabasamu, akasema swali hilo lingejibiwa baadaye. Halikujibiwa. Niliandika aya nzima kuhusu tabasamu lile, katikati ya makala ya treni inayotoka Beijing hadi Tianjin kwa nusu saa hivi.

Usiku kabla ya kutuma makala Dar, niliifuta. Hakuna aliyeniambia. Mhariri wangu hakuwahi kuiona, wenyeji wangu hawasomi gazeti letu.

Sasa niko chuoni, tasnifu yangu ya uzamili ni juu ya waandishi wanaojihariri kwa woga. Msimamizi amezungushia wino mwekundu neno “wao”, kila nilipoliandika.

Wiki iliyopita kikundi cha WhatsApp kilitangaza nafasi za safari ijayo. Fomu nimeijaza hadi ukurasa wa pili.