Naomba Radhi kwa Ile Video ya Deki

Kama uliitazama ile video yangu ya Januari mwaka jana, ile ya kupaka vanishi deki ya mbao, ukaenda ukafanya vile nilisema, tafadhali soma hii hadi chini. Na kama deki yako imeanza kubambuka kama ngozi ya mtu aliyechomwa na jua, basi wewe ndiye hasa ninayekuandikia. Nilikupotosha. Sikukusudia, lakini mbao zako hazijui hilo.

(Wenzangu wa bara mnaojua deki ni ile ya kupiga na kitambaa na ndoo, hiyo ni deki nyingine. Hii ni sakafu ya mbao ya nje, ile ya kukalia jioni.)

Deki yenyewe ni ya shangazi yangu aliyeolewa Kilifi, upande wa Mnarani. Ana vyumba viwili anavyokodisha wageni, na mbele yake kuna hiyo deki, mita 4 kwa 3, inayotazama mkono wa bahari. Wageni hawaji kwa ajili ya vitanda, wanakuja kukaa pale na chai jua likizama. Kwa hivyo nikisema deki, elewa nasema karo ya binamu yangu.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nyumbani hakukukalika. Shangazi ndiye alisema njoo pwani, mengine tutaona. Hajawahi kuniuliza kodi. Hata simu ninayorekodia, nusu ya pesa ni yake. Sasa mimi nikaona nitamlipa fadhila kwa kumrembeshea deki, na hapohapo nipate kontenti. Nikanunua lita 4 za vanishi ya kung'aa, ile ya milango na meza za ndani, nikapiga mikono mitatu. Ilikuwa msimu wa kaskazi, jua kali, ikakauka chap. Manze, iling'aa! Ungejitazama humo ukanyoa ndevu. Video ikatazamwa mara laki moja na ushei, kubwa kuliko zote nilizowahi kuweka. Watu wakaanza kuniita fundi kwenye komenti na mimi nikaitika.

Masika ikaja. Kufikia Juni vanishi ilikuwa imeinuka kwenye vichwa vya misumari, ukiikwaruza inatoka vipande vipande. Agosti, mgeni mmoja alikanyaga ubao wa ukingoni, kisigino kikazama ndani. Alipata mkwaruzo tu, lakini shangazi alimrudishia pesa ya siku mbili. Mimi hakuniambia. Niliambiwa na binamu yangu, wiki tatu baadaye, na hapo ndipo nilichomeka.

Kilichotokea ni hiki, na nina aibu kwa sababu chuoni nilikuwa nasomea kemia. Ubao wa nje hautulii. Ukipata mvua unafura, ukipata jua unanywea, siku nenda siku rudi. Vanishi ile huganda juu yake kama karatasi ngumu, haiwezi kufuatana nao, basi inapasuka nyufa ndogo ambazo hata huzioni. Maji yanaingia kwenye nyufa, kwenye matundu ya misumari, na zaidi kwenye ncha pale ubao ulipokatwa, maana ncha hunywa maji kama mrija. Kuingia yanaingia, ila kutoka yanazuiwa na vanishi hiyohiyo. Ubao unaoza kutoka ndani huku juu unakuangalia ukimetameta. Isitoshe, vanishi isiyo na rangi hupitisha miale ya jua. Jua linavunja lignini, kile kitu kinachoshikilia nyuzi za ubao, mwishowe vanishi inabaki imeshika ungaunga. Mlango uliosimama chini ya baraza unaweza kuvumilia hayo. Deki imelala chali, jua lake na mvua yake yote.

Jirani yetu kuna mzee anayetengeneza mashua. Nilimwendea kwa unyenyekevu wote, shikamoo babu na kadhalika. Akaja, akakwaruza kwa ukucha, akacheka. "Mjukuu wangu, huu ubao umeuvika koti. Ulikuwa unataka sifa."

Nikadhani ananisema mimi.

Kumbe sifa ni mafuta ya maini ya papa. Ndiyo wanayopaka vyombo vya baharini tangu zamani, yanapenya ndani ya ubao badala ya kukaa juu yake. Deheni, ile ya mafuta na chokaa, hupakwa chini kwenye maji. Sasa deki ya wageni huwezi kuipaka mafuta ya papa, paka wote wa Mnarani wangehamia kwetu. Lakini wazo ni lilelile: tafuta kitu kinachoingia ndani, chenye rangi kidogo ya kuzuia jua. Dukani ulizia steini ya nje ya mafuta, siyo vanishi.

Kazi ya kurudia nimeifanya Januari hii na sehemu ya Februari. Kuondoa vanishi peke yake kulichukua siku 9. Usiniulize kuhusu mgongo. Msasa namba 60, halafu 80, nikaishia hapo, kwa sababu ukilainisha ubao kupita kiasi hauwezi kunywa. Mbao tatu zilikuwa zimeoza, nikanunua nyingine za saiprasi. (Serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, zuio likaondolewa 2023, na mimi bado nangoja bei ishuke.) Misumari nimeitoa, nikaweka skrubu za chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya chumvi haina huruma. Kati ya ubao na ubao nimeacha milimita 5. Chini ya deki mchanga ulikuwa umejaa hadi hewa haipiti, nikauchota wote.

Kisha nikaosha chumvi kwa maji ya bomba, sabuni kidogo na brashi laini, nikaacha ikauke siku tatu. Kabla ya kupaka, dondosha maji kidogo. Yakinywewa, ubao uko tayari. Yakikaa juu kama shanga, ngoja au piga msasa tena. Paka asubuhi kabla jua halijawa kali, mbao mbili mbili kutoka mwanzo hadi mwisho, na baada ya kama dakika 15 futa mafuta yote yaliyobaki juu. Ukiacha yakae yatanata. Ncha zipake mara mbili.

Halafu, tafadhali, yale matambara uliyofutia usiyakunje ukayatupa pembeni. Mafuta ya aina hiyo hutoa joto yakikauka, na rundo la matambara linaweza kujiwasha moto lenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje, au yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Shangazi alikuja kuangalia jana jioni. "Mbona haing'ai?" Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa. Akanitazama kidogo, akamwaga maji ya glasi yake juu ya ubao, akainama. Matone yakasimama. Hakusema kitu, akaenda kuleta kiti.

Hii itataka kupakwa tena kila mwaka kabla ya masika, lakini bila kukwangua. Unaosha, unajaribu matone, unapaka.

Ile video ya zamani ilikuwa bado inaniletea pesa ya bando na kidogo cha juu. Nilifikiria kuacha tu maelezo chini yake, ila nani husoma maelezo? Ijumaa niliifuta. Mpya nitaiweka nikimaliza ngazi, kabla wageni wa Pasaka hawajafika.

Wewe uliyefuata ile ya kwanza, usipake vanishi nyingine juu ya hiyo. Nitumie picha ya deki yako kabla hujanunua chochote.