Jina la nani juu ya maneno haya?

Leo sina habari ya bei ya samaki wala ya treni. Nina swali nililoulizwa na mama mmoja mhami hapa Bukama, si mbali na Lualaba.

Nilikuwa nimekaa juu ya bidoni ya manjano mbele ya nyumba yake ya turubai, simu inarekodi, kaye juu ya magoti. Akanikatiza: “Mwanangu, haya ninayosema utaandika jina la nani juu yake?” Nikamweleza kwamba kwa ajili ya usalama hatutaji majina ya watu waliokimbia. Akatikisa kichwa. “Basi ni maneno yako.”

Nikakumbuka mwaka wa sita wa sekondari, mwaka wa diploma. Mwalimu wetu wa falsafa aliandika ubaoni jina la padri Mbelgiji, Placide Tempels, na chini yake jina la kitabu: La philosophie bantoue, yaani falsafa ya Wabantu. Tulikuwa tumezoea kwamba falsafa ni mambo ya Wagiriki. Kumbe kitabu kilichobishaniwa mpaka Paris kilianzia kwetu, kwa Waluba wa Katanga, upande huu wa Kamina. Darasa zima lilipiga makofi, kana kwamba tumeshinda mechi.

Tempels alikuwa Mfransisko, akafika Kongo mwaka 1933. Aliandika kwa lugha yake ya Kiflamanki, na tafsiri ya Kifaransa ikatoka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Mwaka 1949 Alioune Diop, Msenegali, akakichapa upya Paris katika nyumba yake ya vitabu, Présence Africaine. Kinasema kwamba kwa Mluba kuwako ni kuwa na nguvu: uzima wa mtu unaongezeka au unapungua, na umefungamana na wahenga, na watoto, na ardhi. Bibi yeyote wa Bukama angesema, “Hayo tu?” Lakini kumbukeni nchi ilivyokuwa. Miaka minne tu mbele ya kitabu hicho, Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma Lubumbashi walipigwa risasi. Katika nchi ya namna hiyo Mzungu anasimama na kusema: watu hawa wana fikra iliyopangika, sisi ndio hatukuwasikiliza. Monsinyori de Hemptinne, askofu wa Katanga, alikipinga sana.

Waafrika pia hawakukipokea wote kwa makofi kama sisi darasani. Aimé Césaire wa Martinique aliandika mwaka 1950 kwamba ni heshima ya bei rahisi: Mweusi anasifiwa falsafa yake huku mshahara na ardhi vikibaki vilevile. Baadaye Paulin Hountondji wa Benin akauliza falsafa gani hii ya kabila zima, bila mtu mmoja anayefikiri na kujibu kwa jina lake. Nilipolisoma hilo kwenye masomo ya uandishi wa habari lilinikwaza; niliona kama anatunyang'anya kitu chetu. Leo naona yeye na yule mama wa turubai wanauliza swali moja. Wazee waliokaa na padri jioni na kumjibu maswali yake walikuwa na majina. Juu ya jalada kuna jina moja tu.

Lakini nisimwonee Tempels. Mwaka 1953, kule Ruwe karibu na Kolwezi, yeye na wafanyakazi wa migodi na wake zao walianzisha Jamaa. Hapo ndipo fikra za kitabu zilirudi nyumbani, na zilirudi kwa Kiswahili, kwa mdomo, katika mafundisho ya mtu kwa mtu: uzima, uzazi, mapendo. Baba yangu mkubwa, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alikuwa mtu wa Jamaa pamoja na mke wake. Nyumbani mwake hakukuwa na kitabu cha Tempels, na Kifaransa chake kilikuwa cha kazini tu. Lakini alikula bukari sahani moja na mke wake, wakati wanaume wengine wa mtaa walikula peke yao barazani. Jioni waliketi wawili wakaulizana: leo umeishi namna gani? Majirani walicheka, wengine wakasema amelishwa dawa. Baadaye Jamaa iligongana na maaskofu, na hayo ni marefu. Mimi ninapoulizwa kitabu kinaweza kubadili nini katika nchi, naiona ile sahani moja.

Nilirudi kwa yule mama siku ya tatu. Nikamsomea nilichoandika. Niliposoma “anaomba msaada” akanyoosha mkono. “Sikuomba msaada. Nilisema shamba la mume wangu liko wapi na mpaka wake ni upi. Andika mti ule. Andika na kijito.” Nikafuta, nikaandika mti, nikaandika kijito. Kuhusu jina tulibishana sana. Mimi niliogopa wale waliomfukuza. Yeye alitaka dada yake, waliyepotezana njiani, alisikie redioni. Mwishoni tulipatana tutumie jina la utani ambalo dada yake peke yake analijua, na sitaliandika hapa.

Kisha akaniomba ukurasa wenyewe. Niliuchana kutoka kwenye kaye. Hajui kusoma, lakini aliukunja mara nne, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake, mahali anapoweka hela. Kipindi nilikitengeneza kwa kusikiliza simu.